Usikanyage Hapa Bila Mzazi

Mwalimu Wairimu,

Nilitaka kuanza kwa upole, kama inavyofaa mtu akimwandikia aliyelala, lakini upole wenyewe umekataa kuja. Nimekasirika, Mwalimu. Nimekasirika mpaka chaki inanikatikia mkononi nikiandika ubaoni, na watoto wa watu wananikodolea macho. Ulikuwa ukiniona hivi unanivuta kando na kuniambia, "Ndinda, meza mate kwanza." Sasa hakuna wa kunivuta kando, kwa hivyo leo simezi kitu. Utanisikiliza tu hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni Mwende, yule msichana mrefu anayeishi na baba yake kule Kawangware. Wakati wako alikuwa darasa la nne, na akiulizwa swali sauti ilikuwa inamkauka kabisa. Sasa yuko la saba, nami ndiye mwalimu wa darasa lake. Ungemsikia akisoma! Ananyoosha mkono kabla sijamaliza kuuliza, na wakati wa mapumziko nilikuwa nikimkuta amewakusanya wadogo wa la pili anawasomea hadithi, akibadilisha sauti kwa kila mnyama. Juzi nusura tumpoteze kabisa, na waliokaribia kumpoteza ni sisi wenyewe, walimu wake. Ngoja nikueleze tulivyofika hapo, usije ukadhani ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya hata kidogo.

Nianze na siku tuliyokuzika. Kule kwenu Kinoo mvua ilikuwa imenyesha na matope yalikuwa mengi, lakini wazazi walikuja kwa wingi ambao haujawahi kuonekana kwenye mkutano wowote wa shule yetu. Mwalimu mkuu alishika kipaza sauti, akasifu zile safari zako za Ijumaa. Alisema wewe ulikuwa unaunganisha nyumbani na darasani, na kwamba kazi hiyo itaendelea, haitaingia kaburini na wewe. Akafuta macho kwa kitambaa. Wazazi wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nyuma na watoto wa kwaya, nikalia kwa kumwamini.

Unajua ilivyoendelea? Katika kikao cha kwanza cha walimu baada ya mazishi nilipendekeza tugawane hizo Ijumaa, kila mwalimu amsindikize mtoto mmoja mpaka kwao kama ulivyokuwa ukifanya. Mwalimu mkuu alinitazama kama mtu aliyeambiwa akafagie soko. "Madam Ndinda, hii ni shule, si kanisa," akasema. "Siku hizi kuna simu. Mwalimu akiwa na shida na mtoto, aite mzazi, basi." Wenzangu wakacheka kidogo, wakafunga vitabu vyao, tukaingia kwa habari ya madawati. Udongo wa kaburi lako haukuwa hata umekauka.

Akiwa na shida na mtoto! Miaka yote hiyo aliyokaa na wewe shule moja, mtu huyu hakuelewa chochote. Wewe hukuwa unaenda kwa sababu ya shida. Nakumbuka Ijumaa ya kwanza uliyonichukua, mimi mgeni, viatu vyangu vya chuo vikizama kwenye tope la Kawangware, na wewe umevaa gambuti kama mkulima, unacheka. Tulimsindikiza yule kijana aliyekuwa akichelewa kila asubuhi. Nyanya yake alipotuona mlangoni alipiga kelele, "Uui, amefanya nini tena?" na akaanza kutafuta mwiko wa kumchapa nao. Ukaomba chai. Ukakaa kwenye mtungi wa maji uliofunikwa kwa ubao, ukanywa ile chai ya moshi kama umealikwa hotelini, ukamwambia nyanya kwamba mjukuu wake anachora ng'ombe vizuri kuliko mtoto yeyote pale shuleni. Hukusema neno lingine. Nyanya alicheka mpaka akajifuta na leso.

Njiani nikakuuliza, na kuchelewa je? Ukanijibu kwamba chai ya kwanza haina mashtaka, hiyo ndiyo sheria yako. Halafu ukaniuliza kama sikuona nepi zilizoanikwa pale nje na yule mtoto mchanga kitandani. "Mimi nimeshaona anachelewea wapi. Nikirudi mara ya pili, huyo nyanya mwenyewe ndiye atanieleza, na tutapanga pamoja." Na kweli alikueleza. Mkapanga na jirani awe akimshika yule mtoto mchanga asubuhi. Kijana akaanza kufika kabla ya kengele, na nyanya akawa anakuja shuleni bila kuitwa, na ile leso yake kiunoni, anasimama dirishani anatazama mjukuu akifanya hesabu.

Leo huyo nyanya hawezi kusimama dirishani. Mwalimu mkuu ameweka soja kwenye geti na amri kwamba wazazi wanaonwa Alhamisi alasiri peke yake. Alhamisi alasiri! Nani Kawangware ana Alhamisi alasiri? Anayefua nguo za watu Lavington? Anayechimba mtaro? Na kwenye ule mkutano wa wazazi wa kila mwaka, mwalimu mkuu anazungumza yeye tu tangu sala ya kufungua mpaka ya kufunga, na wimbo ni mmoja: wazazi wa siku hizi hamna ushirikiano. Neno lenyewe nimelichukia. Kwake ushirikiano ni mzazi kuinamisha kichwa na kusema ndiyo.

Lakini sitawatetea wazazi, Mwalimu, maana nao wamenichosha. Tangu elimu ifanywe ya bure, wengine wanadhani na mtoto amekuwa wa serikali. Kuna mama mmoja niliyekutana naye pale sokoni Adams akinunua sukuma wiki. Nikamwambia nina furaha kumwona, tuzungumze kidogo juu ya kijana wake. Akanikatiza kabla sijamaliza: "Mwalimu, huyo mimi nilikupatia. Akikusumbua mchape tu, mimi sina maneno." Kiboko kilishapigwa marufuku, lakini sikusimama hapo. Kilichoniuma ni vile alivyonikabidhi mtoto, kama mtu anayeacha viatu kwa fundi na kwenda zake. Nilikuwa nataka kumwambia kwamba mwanawe ana kipaji cha hesabu. Aliondoka na sukuma yake bila kujua.

Sasa tufike kwa Mwende.

Unajua muhula wa tatu tunachagua viranja wapya kutoka darasa la saba. Safari hii hakukuwa na ubishi. Walimu wote, hata wale wanaobishia kila kitu, walimtaja Mwende awe kiranja mkuu wa wasichana. Kwa wavulana tukamchagua Brian. Tukakubaliana wazazi wao waitwe waambiwe, maana kiranja mkuu anafika mapema na kuondoka akiwa wa mwisho, na mzazi lazima aridhie. Nilifurahi, nikasema hata Mwalimu Wairimu angeifurahia siku hii. Kesho yake asubuhi nikatumwa mjini, River Road, kuchukua mitihani ya majaribio kwa mpiga chapa. Kwa hivyo paredi ya asubuhi ilinipita.

Haya ndiyo niliyoelezwa na kila aliyekuwepo. Mwalimu mkuu aliwaita Mwende na Brian mbele ya shule nzima. Wakasimama pale, msichana na mvulana, bega kwa bega. Akawaambia, "Nyinyi wawili, kesho msikanyage hapa bila mzazi." Halafu akaendelea na habari ya karatasi zinazotupwa uwanjani. Basi! Hakusema hongera. Hakusema ni kwa nini. Nilipomuuliza baadaye alishangaa kwa dhati ya moyo: "Kwani mzazi huitwa namna gani ingine?" Mwalimu, mtu huyo hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonitia wazimu. Alikuwa na habari njema mdomoni, na hakuwa na maneno ya kuitolea isipokuwa yale ya kufukuzia mtoto.

Unawajua watoto wetu. Paredi yote ilifanya "uuuuui". Msichana na mvulana wa la saba, wameitiwa wazazi pamoja, mbele ya watu. Kufikia saa ya chakula stori ilikuwa imekamilika, ina mwanzo na mwisho. Jioni Kawangware nzima ilikuwa nayo, na baba Mwende akaipata kwenye kibanda cha mkaa kutoka kwa mtoto wa jirani. "Mwende ameitiwa mzazi na chali. Watu wanasema ako na ball." Hivyo ndivyo mtoto alivyosema, na baba akaelewa: mvulana, na mimba.

Baba huyu ni mlinzi wa geti kwa tajiri mmoja kule Loresho. Anatoka asubuhi kabla ya mtu kuamka na kurudi giza likiingia. Alimwuliza Mwende amefanya nini. Mwende akasema hajui. Na kweli hakujua, maskini wa Mungu, angejua vipi? Lakini mtoto wa kike akisema hajui katika jambo kama hilo, mzazi anasikia anaficha. Kulipopambazuka alimpandisha basi la Ukambani, akampeleka kwa mama Mwende, anayeishi karibu na Mwingi, ili amwangalie. Nguo zake zote ziliwekwa kwenye begi. Vitabu vilibaki.

Wakati huo huo baba Brian, aliye na ofisi yake Hurlingham na nambari ya simu ya mwalimu mkuu, alipiga simu kuuliza kuna nini. Akaambiwa hongera. Akaja siku aliyotaka, saa aliyotaka, geti likafunguliwa kwa saluti, akaletewa chai kwa sahani. Sina ugomvi na huyo baba. Ni mtu mzuri, aliuliza. Ninachouliza mimi ni kwa nini kuna mzazi anayeweza kuuliza na mwingine hawezi, wakati watoto wao wanakalia dawati moja.

Niliita majina darasani, Mwende hayupo. Siku ya pili hayupo. Nikauliza darasa, wote wakatazama chini, mpaka msichana mmoja akasema taratibu, "Alipelekwa ushago, Mwalimu. Wanasema ana mimba." Nikaenda mbio kwa mwalimu mkuu. Alikuwa tayari amempa msichana mwingine nafasi ile. "Niliita mzazi, hakuja," akaniambia. "Hao ndio wazazi wetu. Hakuna ushirikiano. Sasa ulitaka nimbebe?"

Ndiyo. Nilitaka ambebe. Wewe ungembeba.

Jumamosi nilienda Loresho. Niliuliza geti kwa geti, mbwa wakinibwekea, mpaka nikampata. Aliponiona alivua kofia na kusimama wima kama amekamatwa. Kabla sijafungua mdomo akaanza kuniomba msamaha. "Mwalimu, pole sana, najua ametuaibisha. Nimeshamtoa, hatawasumbua tena." Nikamwambia, baba Mwende, mtoto wako alichaguliwa kiranja mkuu. Alichaguliwa na walimu wote. Hakuna kingine.

Alishika chuma cha geti. Kisha akanieleza kwamba tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto, mzazi akiitwa shule huwa ni kwa mabaya. Baba yake aliitwa mara moja tu, na kijana alichapwa njia nzima mpaka nyumbani. "Ni Mwalimu Wairimu peke yake alikuja kwangu na akasifu mtoto. Nilifikiri hiyo maneno ilizikwa na yeye." Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza.

Nami nilimkasirikia pia, usidhani nilimwacha. Nilimwambia angemwamini mtoto wake kabla ya kumwamini mtoto wa jirani. Angekuja hata na hasira, angekuja tu, tungemwambia. Gari la bosi likapiga honi nje, akafungua geti, akapiga saluti na machozi yanamteremka, na yule bosi akapita bila kumtazama.

Aliomba ruhusa, akamfuata mtoto. Jumatatu wakafika shuleni wote wawili. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Soja wa geti akawaambia si Alhamisi, ikabidi nitoke darasani nije nigombane naye. Kisha wakasimamishwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na hakuna aliyewapa kiti. Nikaacha darasa langu, nikasimama nao. Wacha waniandike chochote watakacho.

Mwalimu mkuu alipotoka hakuwaalika ndani. Alisema pale pale mlangoni kwamba mtoto alikuwa amechaguliwa, lakini wamechelewa, na siku nyingine mzazi akiitwa aje. Baba Mwende akauliza kwa adabu sana, "Mwalimu mkuu, si ungeniambia unaniitia nini?" Akajibiwa, "Mzee, shule haijielezi kwa kila mtu." Halafu mlango ukafungwa.

Mwalimu, nilichokiona baada ya hapo sijawahi kukiona, na nimeishi na wanaume wa kwetu maisha yangu yote. Yule baba alimgeukia mtoto wake. Watoto wa la kwanza walikuwa wanapita na vikombe vya uji, walimu wawili walikuwa dirishani. Akavua kofia, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Mama, nisamehe. Nilikudhania vibaya na hukuwa umefanya kitu." Anamwita mama, kwa sababu mtoto amepewa jina la mama mzazi wa baba huyo. Mwende aliinamisha kichwa. Baba akamrekebisha kola ya sare, akanishukuru, akaenda kazini.

Mwende amerudi, lakini hajarudi kamili. Hajanyoosha mkono tangu siku hiyo. Wadogo wa la pili walimjia na kitabu chao, akawaambia anaumwa na koo. Wasichana wengine bado wanamtazama tumbo. Na unaamini mwalimu mkuu aliitumia habari hii kwenye paredi? Alisema kuna mtoto aliyekosa cheo kwa sababu ya mzazi asiyeshirikiana na walimu. Hakumtaja jina, na shule yote ikageuka kumtazama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa darasa langu, nikauma midomo mpaka nikaonja damu. Siku hiyo nilikuchukia hata wewe kidogo, kwa kufa. Nisamehe kwa hilo. Nakukosa vibaya sana.

Najua ungeniambia nisigombane na mwalimu mkuu, nitafute njia ya kumwendea polepole kama ulivyokuwa ukimwendea wewe, kwa utani na kwa mandazi. Mimi sina utani huo. Nimezaliwa na huu mdomo. Nimeanza kuwatembelea wazazi peke yangu, na ninapowaita hapa shuleni nawaambia ninawaitia nini, hata wakicheka. Lakini hiyo haitoshi kwa Mwende. Jina lake lilichafuliwa mbele ya watu, nalo litasafishwa mbele ya watu, si kwenye korido.

Mkutano wa wazazi ni wiki ijayo. Baba Mwende ameshaomba siku yake ya mapumziko ihamishwe, na amesema atakuja hata wasipomwita, na atakaa mbele. Jana nilienda kwa mwalimu mkuu nikamwambia siku hiyo nitazungumza. Alifungua kabati, akajifanya anatafuta kitu, akaniambia simo kwenye ajenda. Akaongeza kwamba kuna shule nyingi zinazohitaji walimu, nyingine ziko mbali sana na Nairobi. Nikamwambia najua, nilisomea mojawapo.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Lala vizuri huko Kinoo. Ninakuahidi kwamba watakapoanza kusoma hiyo ajenda nitasimama, na watakaponiambia nikae sitakaa. Nitamwomba Mwende na baba yake wasimame nao. Kisha nitawaambia wazazi wote kwamba mtoto huyu tulimwitia mzazi wake kwa heri, kwamba hakuwa na kosa lolote, na kwamba sisi ndio tulioshindwa kusema hivyo.

Ndinda wako